Honi inayosikika kabla hujafika: mwongozo kamili wa kufunga honi kubwa kwenye gari na pikipiki

Mtu anayeendesha baiskeli kutoka Kipalapala kuja Tabora mjini, magunia mawili ya mkaa nyuma, hawezi kugeuka kutazama. Akipinda shingo tu, mzigo unamvuta. Anategemea masikio. Wewe ukija nyuma yake kwa kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde, na akiwa mita 100 mbele yako mmebakiwa na sekunde nne na nusu. Ndani ya sekunde hizo inabidi asikie, aelewe, asogee kushoto bila kuangusha mkaa wake. Wewe kazi yako ni kuondoa mguu kwenye mafuta na kumpa taarifa mapema, na taarifa hiyo ni honi.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Tabora. Honi ni kazi ndogo, haina malipo makubwa, na mafundi wengi huimaliza kwa dakika kumi: wanatoa ya zamani, wanafunga mpya kwenye waya uleule, wanapokea hela. Ndiyo maana magari mengi yana honi kubwa inayolia kidogo. Nitaeleza namna ya kuifanya sawasawa.

Sauti inavyopotea njiani

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Kanuni namba 28 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu honi, inataka honi ya gari itoe kati ya desibeli 105 na 118 ikipimwa mita 2 mbele yake. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6. Kwa hiyo honi ya 110 ikimfikia mtu aliye mita 100 imebaki 76 hivi. Honi iliyochoka, tuseme inatoa 95, humfikia ikiwa 61, yaani sawa na watu wanaoongea mezani. Huyo wa baiskeli ana upepo masikioni na matairi yanasaga changarawe. Hasikii kitu. Honi ya 118 humfikia ikiwa 84. Sikio la binadamu huchukulia kila nyongeza ya desibeli 10 kama sauti iliyokua mara mbili, hivyo kutoka 61 hadi 84 ni kama sauti imekua karibu mara tano.

Usinunue kwanza

Mzee mmoja anayeendesha gari la abiria la Sikonge aliwahi kuniletea honi ya tatu ndani ya miezi michache.

"Shikamoo mzee. Hizi mbili za mwanzo zimekukosea nini?"

"Marahaba mwanangu. Zinalia kama mtoto mwenye mafua. Nipigie hii, labda ina afadhali."

Nikaichukua ile ya zamani kabisa, iliyokuja na gari, nikaigusisha kwenye betri moja kwa moja. Ililia mpaka muuza mihogo wa ng'ambo ya barabara akashika masikio. Nikapima volti kwenye waya wa honi huku kijana wangu akibonyeza usukani: 8.9. Betri ilikuwa na 12.5. Volti tatu na ushei zilikuwa zinapotea njiani, na nyingi ziliishia kwenye boliti moja yenye kutu, ile inayoshikilia honi kwenye bodi. Nikasugua kwa msasa, nikabadilisha boliti, na mzee akaondoka na honi zake mbili mpya zikiwa kwenye boksi. Zile hela zingemnunulia mafuta ya safari kadhaa.

Fanya vipimo hivi kabla ya kwenda dukani. Weka mita ya kupimia umeme kwenye volti za DC, alama ya 20. Pima betri injini ikiwa imezimwa: betri nzima iliyojaa hukaa karibu 12.6. Kisha waya mweusi wa mita uache kwenye hasi ya betri, mwekundu uguse mahali umeme unapoingia kwenye honi, mwenzako abonyeze. Ikiwa tofauti na ile ya betri inazidi volti moja, njia ya chanya ina shida: waya, swichi, rilei (nitaieleza mbele) au tundu la fyuzi. Halafu hamisha ule mwekundu kwenye bodi ya honi au waya wake wa athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, abonyeze tena. Hapo unatakiwa uone namba ndogo kabisa, chini ya 0.2. Ukiona 0.5 au zaidi, athi ni mbovu, na honi yoyote utakayofunga hapo itakuwa na mafua.

Vipimo vyote vichukue honi ikiwa inalia. Waya mbovu usio na kazi huonyesha volti zote 12 vizuri kabisa, unaanguka ukianza kubeba mzigo. Hapa ndipo wengi hudanganyika.

Kama umeme unafika vizuri na bado sauti ni ya kukwaruza, geuza honi utazame mgongoni. Honi nyingi bapa, zile za duara, zina skrubu ndogo ya kurekebisha mguso wa platini iliyo ndani, yaani vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana haraka honi inapolia. Igeuze robo ya mzunguko, bonyeza kidogo usikilize. Ikizidi kuwa mbaya rudisha ulikotoka, jaribu upande wa pili. Isizidi hapo. Platini ikishikana moja kwa moja koili inaungua.

Honi ipi

Ikiwa honi imechoka kweli, au gari lilikuja na moja ndogo, mimi hupendekeza jozi ya honi zenye umbo la konokono. Ndani yake sauti hupita kwenye njia iliyojikunja kabla ya kutoka, kwa hiyo hutoka nene na kubwa kuliko ya honi bapa. Jozi huwa na moja ya sauti nzito, karibu mitetemo 400 kwa sekunde, na moja ya sauti nyembamba, karibu 500. Ile nyembamba huchomoza juu ya kelele za injini na upepo. Ile nzito hupenya vioo vilivyofungwa vizuri zaidi, na dereva wa lori mwenye redio huisikia. Zichukue zote mbili. Mara nyingi zimeandikwa herufi H na L, au namba ya mitetemo. Hakikisha huuziwi mbili zinazofanana.

Soma volti: 12 kwa magari madogo na pikipiki, 24 kwa malori na mabasi makubwa. Honi ya 12 kwenye umeme wa 24 inaungua. Na wewe mwenye lori, usichukue umeme wa betri moja kati ya mbili ili utumie honi ya 12. Betri hizo zitachajiwa bila ulinganifu na zitakufa mapema. Nunua honi ya 24 na rilei ya 24.

Soma pia ampea. Honi moja ya konokono hula kati ya 4 na 6, jozi ni kama 10 au 12. Honi bapa ya mwanzo ilikuwa inakula 3 au 4. Waya wa kiwandani, swichi na fyuzi vilipangwa kwa hizo 3 au 4, na ndiyo sababu rilei haiepukiki.

Honi ya upepo ya gari dogo, yenye kompresa ya umeme, ni jambo jingine. Kompresa pekee inaweza kula ampea 15 hadi 20, sauti huchelewa kidogo upepo ujae kwenye mpira, na vumbi la barabarani huingia kwenye kompresa. Lori lina tangi la upepo wa breki tayari, ila hata huko chukua upepo kwenye njia ya vifaa vya ziada, yenye valvu inayolinda breki, kamwe usitoboe mpira wa breki. Kwenye Noah au Probox sioni sababu yake. Konokono wawili waliolishwa vizuri wanatosha barabara zote za mkoa huu.

Ving'ora usiguse. Sauti hizo ni za magari ya wagonjwa, zimamoto na polisi. Watu wakizoea kusikia king'ora cha gari binafsi, siku gari la wagonjwa linakimbilia hospitali ya Kitete hakuna atakayepisha.

Vifaa

Jozi ya honi. Rilei moja ya miguu minne, ampea 30 au 40. Kishikio cha fyuzi chenye mfuniko wa kuzuia maji. Fyuzi ya ampea 15, ile ya buluu, na moja ya akiba. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, mita nne au tano, waya wa 1 kwa upande wa swichi, vichwa vya waya vya kubana, koleo la kubania, spana namba 10 na 12, msasa, grisi, kamba za plastiki za kufungia, mita.

Kuhusu waya naomba unisikilize. Waya wa 0.75 wenye urefu wa mita 3, ukipitisha ampea 12, hula volti 0.84 peke yake. Wa 2.5 hula robo ya volti. Dukani kuna waya wenye ngozi nene na shaba kidogo ndani, kwa macho unaonekana mkubwa. Menya ncha utazame. Sumaku ikivuta nyuzi zake, hiyo si shaba, uache.

Rilei inafanya nini

Rilei ni swichi inayowashwa na umeme. Ile swichi yako ya honi kwenye usukani itabeba mkondo mdogo sana, chini ya robo ya ampea, na rilei ndiyo itakayofungua njia kubwa kutoka kwenye betri hadi kwenye honi. Miguu ina namba. Namba 30 inapokea umeme wa betri kupitia fyuzi. Namba 87 inautoa kwenda kwenye honi. Namba 85 na 86 ni koili ndogo ya ndani, inayovuta swichi.

Kuna rilei za miguu mitano, zenye 87a katikati. Mguu huo una umeme rilei ikiwa imetulia, na unakatika ukibonyeza. Ukifunga honi hapo, italia tangu unapounganisha betri. Uache mtupu na uufunike.

Kufunga

Toa hasi ya betri kwanza. Spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya, cheche zake zinaweza kukuumiza, na betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Kama redio yako inataka namba ya siri ikikosa umeme, uwe nayo mkononi.

Toa shoo ya mbele au ingia kwa chini ya bampa. Tafuta sehemu ya chuma kigumu kwa kila honi, mbele ya rejeta lakini isiizibe, na mbali na feni. Tumia lile bati lililokuja na honi, usilibadilishe na chuma kinene ulichochomelea, maana bati hilo limetengenezwa liyumbe. Honi ikikazwa kwa nguvu kwenye chuma kigumu au ikigusa kitu pembeni, sauti inazibwa. Acha nafasi ya kidole kizima kuizunguka. Mdomo wa konokono utazame mbele na kuinama kidogo chini, maji yatoke. Ukitazama juu, mvua ya kwanza ya Novemba itaujaza.

Rilei ifunge pembeni ya betri, mahali pakavu, miguu ikitazama chini.

Sasa nyaya, na hapa kuna njia inayoondoa maumivu ya kichwa. Huna haja ya kufungua usukani, na kwenye gari lenye mfuko wa hewa usiufungue kabisa. Ule waya uliokuwa unaingia kwenye honi ya zamani ndio utakaoiamsha rilei. Ikiwa honi ya zamani ilikuwa na waya mmoja, uunganishe kwenye 86, na 85 uipeleke kwenye bodi. Ikiwa ilikuwa na nyaya mbili, moja ipeleke 85 na nyingine 86. Haijalishi ipi ni ipi, wala haijalishi kama swichi yako inakata chanya au hasi, kwa kuwa rilei itapata kilekile honi ilichokuwa inapata. Angalia tu mchoro wa ubavuni: rilei yenye alama ya dayodi ndani (pembetatu yenye kimstari kwenye ncha) inachagua, 86 kwake lazima iwe chanya. Alamu ya gari iliyokuwa inapiga honi nayo itaendelea kufanya kazi bila kuguswa.

Kutoka kwenye chanya ya betri vuta waya wa 2.5 hadi kwenye kishikio cha fyuzi, kikiwa ndani ya sentimita 20 kutoka betri, kisha hadi mguu namba 30. Fyuzi ikikaa mbali, kipande chote cha kabla yake hakina ulinzi. Kikichunika na kugusa bodi kinawaka moto kabla hujafika kwenye boneti. Usiweke fyuzi bado.

Kutoka 87 vuta waya wa 2.5 mpaka kwenye honi ya kwanza, na kutoka hapo kwenda ya pili.

Athi. Honi zenye vichwa viwili kila moja ipewe waya wake wa 2.5 hadi sehemu moja ya bodi, au bora zaidi hadi hasi ya betri yenyewe. Sehemu ya bodi uisugue kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza boliti, halafu ndipo upake grisi juu yake. Honi zinazopata athi kupitia bati lake, sugua chini ya bati vilevile. Nikikumbuka yule mzee wa Sikonge, mahali hapa huwa sina haraka.

Vichwa vya waya vibane kwa koleo lake, uvute kwa mkono kuona kama vinatoka. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu nyeusi ni kazi ya wiki moja. Joto la Oktoba linayeyusha gundi, tepu inafunguka, vumbi na maji vinaingia. Pitisha nyaya mbali na bomba la moshi na feni, kila waya unaopita tundu la chuma uwe na raba, zifunge kila baada ya kiganja kimoja.

Rudisha hasi ya betri. Weka fyuzi mwisho. Honi ikianza kulia yenyewe, chomoa fyuzi na uangalie kama hukugusa 87a.

Pikipiki

Vijana wa bodaboda ndio wanaoniulizia sana, na ndio wanaoharibiwa sana nyaya. Betri ya pikipiki za cc 125 au 150 ni ndogo, na chaji yake ni ndogo pia. Jozi ya konokono italia vizuri mchana wa kwanza, halafu usiku ukiwa na taa umesimama stendi utaona stata inavuta kwa shida. Funga konokono mmoja, wa ampea 4 au 5, fyuzi ya 10 nyekundu, waya wa 1.5 unatosha kwa kuwa njia ni fupi. Umeme utoke betri moja kwa moja, kwani fyuzi kuu ya pikipiki haikupangiwa mzigo huo. Rilei ileile, nyaya mbili za honi ya zamani kwenye 85 na 86.

Honi ikae kwenye fremu ya mbele, na kabla ya kukaza geuza usukani kushoto na kulia mpaka mwisho uone haibani waya wala haigusi fenda wakati shoku zinazama.

Kujaribu

Washa injini. Pima kwenye honi huku inalia: ukiona 13 au zaidi, umefanya kazi nzuri. Ukiona 11 au 12 injini ikiwa inanguruma, rudia vipimo vya mwanzo. Shika waya wa 2.5 baada ya kubonyeza mara kadhaa. Usiwe na joto. Kama rilei inatetemeka tata-tata badala ya kushika, koili yake haipati umeme wa kutosha, na hapo swichi ya usukani au waya wa zamani ndiyo yenye kasoro. Ikishika kwa mlio mmoja na honi iko kimya, tazama fyuzi na athi.

Kisha fanya jaribio ambalo mita haiwezi. Mpe mtu baiskeli, atangulie hatua mia kwenye barabara isiyo na magari, aende akikupa mgongo na ainue mkono akisikia. Bonyeza kidogo, nusu sekunde. Asipoinua, usimlaumu yeye.

Barabarani na mjini

Mguso mfupi ukiwa mbali unamsaidia mtu. Honi ndefu ukiwa mita kumi nyuma yake inamtia hofu akaingia mbele yako. Ng'ombe wa mkokoteni wakisikia konokono wawili kwa karibu wanaweza kukimbia na mzigo na mtoto aliye juu yake. Kwa mifugo punguza mwendo, mguse mchungaji kwa mlio mmoja kutoka mbali, subiri. Karibu na Kitete, shuleni, na usiku kwenye makazi, iache. Trafiki ana mamlaka ya kukusimamisha chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na kelele zinaguswa pia na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Kuitunza

Ukiosha gari, usielekeze maji ya presha kwenye mdomo wa honi. Kila baada ya miezi mitatu fungua boneti, vuta kila kichwa cha waya, angalia kutu kwenye athi. Kiangazi kikikolea nyigu hutafuta matundu ya kujengea nyumba zao za udongo, na mdomo wa konokono kwao ni mlango uliokwisha kuchongwa. Nimeshatoa udongo mkavu ndani ya honi ambayo mwenyewe alikuwa tayari kuitupa. Chunguza kwa tochi, toa udongo kwa kijiti laini bila kukifikisha kwenye bati la ndani, puliza kwa upepo wa kujazia matairi kutoka mbali kidogo, kisha bonyeza usikilize.